Zuio Kwenye Nyumba ya Bi Pomeroy

Juni 10
Daktari ameniambia niandike presha yangu kila asubuhi, na pembeni niandike kilichoniudhi, ili tuone kama vinaendana. Nimemwambia naendesha kampuni ya kuezeka paa hapa kaskazini mwa Florida, mvua ndiyo kwanza zimeanza, na fundi wangu mkuu ni kaka yangu Harlan. Akasema basi ninunue daftari nene.

Leo tumeanza kazi kwa Bi Eunice Pomeroy, nyumba ya mbao karibu na mto, mabati mapya paa zima. Mkandarasi mkuu ni Curtis Breland. Yeye anamkarabatia nyumba yote: jiko, bafu, na njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu, maana dada yake Bi Pomeroy anahamia hapo kutoka Georgia na miguu yake imekataa. Sisi tumepewa paa tu. Bi Pomeroy anamlipa Curtis, Curtis anatulipa sisi. Mvua saa nane mchana.

Juni 12
Mvua saa saba. Harlan amemwita Curtis "askofu" mbele ya mafundi. Curtis amecheka. Mimi sikucheka.

Juni 13
Nimemtumia Bi Pomeroy taarifa kwa barua ya rejista. Naituma kwa kila mwenye nyumba, kila kazi, hata kama mkandarasi ni mtu ninayemjua. Inasema mimi ni Wylene Sapp, naezeka nyumba yako kwa agizo la fulani, na nisipolipwa nina haki ya kuweka zuio. Zuio ni dai linaloandikishwa mahakama ya kaunti juu ya nyumba yenyewe. Likishaandikwa, nyumba haiuziki wala haiwekeki rehani mpaka liondolewe, na likikaa sana unaweza kumwomba hakimu nyumba ipigwe mnada. Usipotuma taarifa mapema, haki hiyo huna, na mkandarasi mdogo asiye na haki hiyo anabaki kusubiri huruma za watu.

Jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, Curtis akanifuata kwenye gari.

"Dada Wylene, mimi na wewe ni wa kutumiana barua za rejista?"

"Sijakutumia wewe. Nimemtumia mwenye nyumba."

"Umemtia hofu mama wa watu."

"Ni sheria, Curtis. Unaijua kuliko mimi."

"Naijua. Najua pia tumesimama safu moja kwenye kwaya miaka mingapi sijui." Akanishika bega, akaondoka.

Nimerudi nyumbani nikijiona mtu mchoyo.

Juni 17
Bi Pomeroy katoka kibarazani na ile barua mkononi. Aliendesha basi la shule maisha yake yote, na sauti yake bado ni ya kunyamazisha viti vya nyuma. Mafundi wote waliacha kupiga skrubu.

"Binti, hii nini? Unataka kuninyang'anya nyumba hata hujamaliza kuiezeka?"

Nilishuka ngazi nikamweleza. Nikamwambia kila anapompa Curtis hela ya paa, kwanza amdai karatasi niliyosaini mimi kwamba nimeshalipwa hadi hapo. Akiwa na karatasi hiyo hakuna atakayemgusa.

"Curtis kasema ni makaratasi ya kawaida tu, niyatie kwenye droo."

"Yatie kwenye droo, Bi Pomeroy, lakini na hilo nililokwambia ulifanye."

"Binti, nimeendesha watoto wa mji huu wote. Mwongo namjua kwenye kioo cha juu kabla hajafungua mdomo." Akarudi ndani, akatoka na bakuli la karanga za kuchemsha, akatugawia kama vile tulikuwa tunashuka kituoni kwetu.

Juni 21
Tumemaliza. Kofia ya paa, lile bati la kileleni, imekaa sawa, hakuna skrubu iliyopinda. Nimempelekea Curtis hesabu: dola elfu kumi na tisa. Akasema Ijumaa ijayo.

Juni 28
Ijumaa. Hakuna kitu. Mvua saa nane.

Julai 5
Ijumaa. Curtis anasema benki zilifunga kwa sikukuu. Benki zimefunguliwa leo, nimepita mbele ya mbili.

Julai 9
Leo kabadilisha wimbo: anasema Bi Pomeroy hajamlipa. "Wazee na hela, dada, unawajua. Mkono mzito." Nimemwonea huruma Curtis. Naiandika hii ili nikumbuke.

Julai 12
Nimewalipa mafundi kwa akiba yangu. Hawakuezeka kwa mkopo.

Julai 15
Nimemkuta Bi Pomeroy dukani, anachagua nyanya. Nikamwuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote na paa, kitu kinachomfanya asite kulipa.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Kusita? Nimemlipa Curtis hela ya paa mwanzoni mwa mwezi. Alikuja mwenyewe. Kasema nyinyi mna haraka, mafundi wenu wana njaa."

"Alikupa karatasi yangu?"

Akairudisha nyanya mahali pake. "Alisema ataileta."

Nimekaa ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma, mpaka barafu niliyonunua ikayeyuka. Huyu mama katoa hela na mimi sijaiona. Sasa nikiwa na haki yoyote, ni juu ya nyumba yake, siyo juu ya mwizi.

Presha sikupima. Najua.

Julai 16
Nimemfuata Curtis pale anapojenga kanisa dogo la watu wengine, njia ya kwenda ziwani. Hakukataa. Hata uso haukumbadilika.

"Kweli, kalipa. Hela yake nimeitumia kwa mbao za kazi nyingine, na hiyo kazi nyingine haijanilipa. Ndivyo biashara inavyokwenda, Wylene. Leo mimi, kesho wewe."

"Lakini mimi nilinunua mabati ya kazi hii. Siyo ya kazi nyingine."

"Nipe mwezi."

"Kwa nini uliniambia hajalipa?"

Akavua kofia, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ile anayoombea, "Kwa sababu nilijua ungenitazama hivi unavyonitazama."

Na mimi, mjinga, nikampa mwezi.

Julai 24
Curtis kapiga simu asubuhi: paa la Bi Pomeroy linavuja. Nikasema paa letu halivuji. Akasema njoo uone. Kweli, maji yalikuwa yanaingia pembeni mwa bomba la kutolea hewa bafuni, pale mpira unapolizunguka. Harlan kapanda, kabadilisha mpira, kashuka nao mkononi. Ulikuwa na mchano mmoja, ulionyooka.

"Huu umekatwa," akasema.

"Labda jua."

"Jua halina rula."

Sitaki kuanza kuwadhania watu mambo. Ila kuna faida moja: tumefanya kazi hapo leo, kwa hiyo zile siku tisini ambazo sheria inanipa, tangu siku ya mwisho ya kazi, kuandikisha zuio, naanza kuzihesabu leo. Nina hadi Oktoba. Napumua kidogo.

Julai 30
Mvua. Mvua. Mvua.

Agosti 6
Nimeuza boti ya uvuvi ya marehemu mume wangu. Aliyeinunua kasema ina harufu ya kambare. Nikamwambia ni boti ya kuvulia kambare.

Agosti 16
Mwezi wa Curtis umekwisha. Simu yake inaita mpaka inachoka.

Agosti 20
Leo nusura tuwe wezi.

Nimefika ofisini, lori halipo, ngazi ndefu haipo. Abelardo, fundi wetu wa siku nyingi, alikuwa anafagia sakafu safi, hanitazami. Nikamwuliza Harlan yuko wapi. Akasema, "Bosi, aliniambia nisiseme kwamba kaenda kwa Bi Pomeroy kung'oa mabati."

Sijui nimepita taa nyekundu ngapi. Nimemkuta ngazi ameshaiegemeza, drili kiunoni, mguu mmoja juu.

"Shuka, Harlan."

"Ni mabati yetu. Hayajalipiwa."

"Yakishapigwa skrubu kwenye nyumba yake ni yake. Ukiyang'oa ni wizi, na mvua ikiingia ndani utalipa na sakafu."

"Sheria gani hiyo? Mimi nimeyabeba kwa bega hili hapa. Yule askofu anakula, huyu mama analala pakavu, mimi na wewe tunauza boti."

"Huyu mama katoa hela yake."

"Kwa mtu mbaya. Hilo kosa lake."

"Shuka."

"Wewe Wylene tangu utotoni ukipigwa unauliza kama mkono wa mwenzio umeumia."

Hapo mlango ukafunguliwa. Bi Pomeroy, na miwani kichwani. Akaiangalia ngazi, akamwangalia Harlan. "Mmekuja kukagua?"

Harlan ana kilo mia na kumi, ndevu mpaka kifuani. Akawa mwekundu kama mtoto. "Ndiyo, mama. Mifereji. Nimeona majani."

"Ungenipigia simu kwanza."

"Ndiyo, mama."

Akasafisha mifereji yote minne, jua la saa sita likimwangukia mgongoni. Tulipofika ofisini akashuka kwenye lori, akaja dirishani kwa gari langu. "Ukimwambia mtu, naacha kazi."

Agosti 28
Dell, mhasibu wa yadi ya mabati, kapiga simu. Ni mpole ila anataka hela. Niliposaini kukopa mabati nilisaini kwa jina langu, siyo la kampuni tu. Nyumba ninayolala inahusika. Nimeomba hadi mwisho wa Septemba.

Septemba 1
Jumapili. Curtis kaimba peke yake ubeti wa pili. Sauti nzuri, Mungu anisamehe, nywele zilinisimama. Baadaye katoka kwa mlango wa nyuma kabla sijafika.

Septemba 8
Sikwenda kanisani.

Septemba 12
Redio inasema kuna kimbunga kinakusanyika baharini. Mvua hazina tena saa maalumu.

Septemba 16
Dell tena. Nilidhani ni kuhusu deni. Akasema, "Wylene, nakuuliza kama rafiki. Zuio lako umeshaliandikisha?"

"Nina hadi Oktoba. Tulirudi kuziba uvujaji Julai."

Nikasikia anaweka kalamu chini.

"Kurudi kurekebisha hakuhesabiki," akasema. "Siku zinahesabiwa tangu mlipomaliza kazi yenyewe. Kama ukarabati ungefufua siku, kila mtu angekuwa anarudi kukaza skrubu moja kila mwezi. Tumewahi kushindwa kesi hivyo hivyo. Mlimaliza lini?"

Nikamwambia. Tukahesabu pamoja kwenye simu, kila mmoja na kalenda yake. Mwisho ni Alhamisi wiki hii. Na kaunti imeshatangaza: kimbunga kinakuja, ofisi zote zinafungwa Jumatano saa sita mchana, hakuna ajuaye zitafunguliwa lini. Dell kasema huenda ofisi zikifungwa siku zinasogea, huenda hazisogei, yeye asingependa kuwa mtu wa kulijaribu hilo mbele ya hakimu. Wala mimi.

Nimekaa jikoni. Miezi mitatu nimempigia Curtis simu kama bibi yake, na haki yangu ilikuwa inaisha huku nadhani iko salama.

Septemba 17
Kabla ya kumgusa Bi Pomeroy nilitaka kumpa Curtis nafasi ya mwisho. Nimemkuta kwake, anapigilia mbao kwenye madirisha. Upepo ulikuwa umeanza. Akanipa ncha ya ubao nishike, nami nikashika, ndivyo tulivyolelewa.

"Curtis, kesho naweka zuio kwa Bi Pomeroy."

Akaacha kupiga. "Kimbunga kinakuja na wewe unafikiria zuio?"

"Nipe hundi sasa hivi nisifikirie."

"Ijumaa. Dunia ikitulia. Nakuapia. Huyo mama hana kosa, Wylene, atapata presha. Unataka kumfanyia hivyo wiki ya kimbunga? Haraka ya nini, si una hadi Oktoba?"

Nilikuwa bado nimeshika ubao.

Sijamwambia Curtis habari za Oktoba. Sijamwambia mtu yeyote ila Dell, jana. Hiyo hesabu niliifanya mwenyewe, kimoyomoyo, tarehe ile aliyoniita kuziba mpira. Kumbe naye aliifanya. Alijua nitaifanya vile, na alijua si sahihi; ndiyo maana ule mpira ulikatwa.

"Nani kakwambia Oktoba?" nikamwuliza.

Akafungua mdomo. Misumari ilikuwa kati ya midomo yake, akaitoa mmoja mmoja, akaichezea kiganjani. "Nimekisia."

Nikauachia ubao. Ukamwangukia mguuni. Sikukusudia, lakini sikuuliza kama ameumia.

Septemba 18
Saa mbili asubuhi Dell alinisubiri kwenye maegesho ya yadi na muhuri wake, maana ana kibali cha kuthibitisha saini. Nikala kiapo nimeegemea boneti ya gari, karatasi tumeikandamiza kwa viwiko isipeperuke. Mahakamani foleni ilikuwa mpaka nje: watu wanalipia leseni, wanaandikisha ndoa, mmoja analalamikia faini ya kasi kana kwamba kimbunga kitaifuta. Karani alikuwa anaangalia saa kuliko karatasi.

Akasoma. "Pomeroy? Bi Eunice, wa basi?"

"Ndiye."

"Alinipeleka shule miaka sita." Akaniangalia kwa muda, siyo vibaya, ila akaniangalia. Kisha akagonga muhuri. Saa tano na nusu.

Nilidhani nitahisi nimeshinda. Nimeenda kwenye gari nikalia, huku mvua inakuja kwa ubavu.

Septemba 19
Kimbunga. Hakuna umeme. Harlan na familia yake wako kwangu. Paa letu linaguna lakini linashika.

Septemba 20
Mto umepanda hadi barabara ya chini. Harlan kaenda kuangalia nyumba tulizoezeka mwaka huu, bila kuambiwa. Kwa Bi Pomeroy hakuna bati lililoinuka hata kidogo. Kasema mama alikuwa kibarazani na tochi, akampungia mkono. Hajui bado.

Septemba 22
Sheria inaniruhusu kumtumia nakala kwa posta. Nimeona posta ni woga. Nimeenda.

Alifurahi kuniona. Umeme ulikuwa haujarudi, alikuwa anapika samaki wote waliokuwa kwenye friji kwenye jiko la gesi la uani, akitaka kunipa. Nikasema sitakaa. Nikampa nakala. Akaishusha miwani kutoka kichwani, akasoma akiwa amesimama, samaki wanalia kwenye mafuta.

"Hii ni nyumba yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Nimelipa."

"Najua umelipa. Curtis hakunipa."

"Basi kamwekee Curtis."

"Kwa Curtis sikuezeka chochote. Sheria inafuata nyumba iliyopata mabati. Ndiyo maana nilikuomba uidai ile karatasi kwanza."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa njia ndefu." Akazima jiko. "Dada yangu anakuja mwezi ujao. Kauza kitanda chake. Kauza nyumba yake, Wylene, ndiyo hela niliyompa Curtis. Hela ya miguu yake. Na wewe ulikuja hapa ukala karanga zangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Nikamwuliza kama kuna hela yoyote ya Curtis iliyobaki, asiyopewa. Akasema malipo ya mwisho, elfu kumi na mbili, ya kumalizia jiko na njia ya kiti, na Curtis anayataka kesho.

"Usimpe," nikasema. "Tafadhali. Hilo tu. Muulize mwanasheria yeyote, usinisikilize mimi. Ukinilipa mimi moja kwa moja, unaruhusiwa kuikata kwenye hela ya Curtis."

"Nenda nyumbani, binti," akasema, lakini "binti" ya safari hii ilikuwa ya kunifungia mlango wa basi.

Septemba 23
Presha: sitaiandika, daktari atanilaza.

Septemba 27
Bi Pomeroy kaniita. Hakunikaribisha kukaa. Dakika chache baadaye Curtis akaingia, akaniona, akatabasamu kama tuko kwenye harusi.

"Bi Eunice, usiwe na wasiwasi. Hilo zuio ni la vitisho tu. Mimi ndiye mkandarasi, nitaliondoa."

"Liondoe," Bi Pomeroy akasema.

"Ukinipa yale malipo ya mwisho, kesho asubuhi…"

"Curtis, keti."

Akaketi. Nami karibu niketi.

"Nimemwuliza mtoto wa kaka yangu, mwanasheria wa Jacksonville. Kasema hela ya mwisho sikupi mpaka ule kiapo cha maandishi kwamba kila aliyefanya kazi hapa amelipwa. Wylene kalipwa?"

"Karibu alipwe."

"Mtoto akiniambia karibu amefunga mkanda, siliondoi basi. Kalipwa?"

Curtis akaangalia meza. Nilitamani nifurahie, lakini alionekana mzee, na suruali yake ilikuwa na tope la kimbunga la nyumba nyingine ambako pengine nako anadaiwa. Akasema, "Mnaniua nyinyi wawili." Akasimama. Kabla ya kutoka akaniambia, "Jumapili utaimbaje?"

"Kwa sauti ya pili, kama kawaida," nikamjibu.

Septemba 30
Curtis kaondoa msumeno wake na mbao uani kwa Bi Pomeroy. Njia ya kiti imebaki nguzo mbili zilizosimama zenyewe.

Oktoba 3
Tumemaliza, kama hii ni kumaliza.

Bi Pomeroy ana elfu kumi na mbili alizozuia. Anadaiwa kumi na tisa, na mtoto wa kaka yake kamwambia ukweli: kwa sababu alimlipa Curtis bila karatasi yangu, hakimu anaweza kumlazimisha alipe zote. Harlan alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Sheria iko upande wetu, zote."

Nilipiga hesabu barabarani. Kumi na mbili zinamlipa Dell na zinarudisha nilizowapa mafundi, karibu. Kinachokosekana ni faida yetu na boti. Saba zilizobaki naweza kumfuata Curtis mwenyewe kwenye mahakama ya madai madogo, jina kwa jina, bila nyumba ya mtu. Huenda nisizipate kamwe.

Nikasema nitachukua kumi na mbili na kusaini kuondoa zuio lote. Harlan akatoka nje. Nikasikia mlango wa lori.

Bi Pomeroy akaandika hundi polepole. Nikasaini. Akaisoma karatasi yangu mara mbili, kisha akaikunja akaitia mfukoni, siyo kwenye droo.

"Usidhani nakushukuru," akasema.

"Sidhani."

"Uliniambia mapema, na hilo nalijua. Lakini uliniandika mahakamani, na kila anayenijua mji huu kaona. Paa ni zuri. Wewe sitaki kukuona kwa muda."

"Sawa, Bi Pomeroy."

Harlan kaendesha hadi tulipovuka daraja. Kisha akasema elfu saba zingenunua boti mbili. Nikamwambia najua bei ya boti.

Oktoba 5
Dell kalipwa. Harlan hajasema nami.

Oktoba 6
Kwaya. Curtis hakuja. Tumeimba bila besi, ilikuwa kama nyumba haina msingi. Watu wengine wamenisalimia kwa mkono mmoja tu. Mama mmoja kaniuliza kama ni kweli nilitaka nyumba ya Bi Eunice ipigwe mnada. Nikasema siyo kweli. Akasema, "Lakini ungeweza." Nikasema ndiyo, ningeweza.

Oktoba 9
Siku ya kwanza bila mvua. Nimefungua kesi ya madai madogo dhidi ya Curtis.

Oktoba 13
Jumapili. Simu saa tisa. "Wylene. Dada yangu kafika. Kuna ngazi nne na hakuna njia. Kijana aliyemleta ana mgongo mbovu. Wewe na kaka yako mna mikono." Akakata kabla sijajibu.

Harlan, ambaye siku kumi alikuwa ananijibu kwa kichwa, akavaa buti.

Dada mtu anaitwa Lucille. Ni mwembamba, ana lipstiki nyekundu, na mdomo wa dada yake. Tulipomwinua na kiti chake, Harlan nyuma, mimi mbele nikirudi kinyumenyume, akasema, "Msiniangushe, sijamaliza kulipia hiki kiti." Tukamweka kibarazani. Akainua shingo.

"Paa zuri. Nani kaezeka?"

"Huyo hapo," Bi Pomeroy akasema. "Kisha akaniwekea zuio kwenye nyumba."

Lucille akanitazama kwa hamu kubwa. "Na umemwita aje anibebe?"

"Nani mwingine ningemwita? Curtis?"

Sikujua nitazame wapi. Harlan alikuwa anatazama zile nguzo mbili uani, amezikunjia uso. Alikuwa seremala kabla hajapanda paa. Bi Pomeroy akamwona.

"Hiyo njia ya kiti," akaniambia mimi, siyo yeye. "Kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Ghali."

"Mbao zimepanda tangu kimbunga."

"Kila kitu kimepanda ila akili za watu." Akavuta kiti, akaketi karibu na dada yake. "Safari hii hakuna mkandarasi katikati. Nakulipa wewe mwenyewe, nusu kwanza, nusu mwisho. Na kabla hujapokea senti unanisainia kwamba hunidai, wewe, na aliyekuuzia mbao, na huyu mwenye ndevu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Najua inavyotakiwa. Sasa nimeisoma. Punguza mia mbili."

"Mia."

"Mia na hamsini, na usafishe mifereji."

Harlan alikuwa ameshatoa futi, amepiga goti kwenye nyasi, anapima kutoka ngazi ya chini.